Amana ya Jicho

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Machi 1988, wavuvi wa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, walikuwa wamekaa ufukweni wakisubiri mwezi uzame. Anayejua uvuvi wa dagaa hahitaji kuelezwa sababu. Karabai haiwavuti samaki penye mbalamwezi. Dagaa hutawanyika, na mvuvi hurudi na mafuta ya taa yaliyoungua bure. Mwezi ulikuwa wa wiki moja, nusu duara, umeinamia minazi upande wa bara, na nahodha alikadiria kuwa ungezama kwenye saa sita hivi. Kaskazi ilikuwa imeishiwa nguvu na kusi haijaingia. Maji yalikuwa mafu, yamejaa kidogo tu, na bahari imetulia hata ukimsikia mtu akikohoa kwenye chombo cha mbali.

Nilikuwa na miaka 10. Babu yangu alikuwa ameacha kwenda baharini kwa sababu ya macho, lakini hakuweza kulala usiku ambao wenzake wanashuka. Usiku wa Ijumaa alinichukua pamoja naye, kwa kuwa kesho yake hakukuwa na shule. Kazi yangu ilikuwa kumtazamia. Angeniuliza, "Ile taa ya nani?" nami ningemwambia. "Wingu lile limefika wapi?" nami ningemwonyesha kwa kumshika mkono na kuuelekeza.

Basi mimi ndiye niliyeuona kwanza. Upande wa kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, chini ya mkia wa zile nyota saba ambazo vitabu huziita Dubu Mkubwa, bahari ilitoa mwanga. Nilidhani ni meli inaungua. Lakini mwanga ule haukukaa juu ya maji. Ulipanda. Ulipanda polepole, mwekundu kwanza halafu mweupe, ukaacha nyuma yake mstari mwembamba, na kila ulipozidi kupanda ulizidi kulala upande wa kulia, kama unaokwenda Pemba kwa njia ya juu. Halafu ukazimika. Watu waliokuwa wamesimama wakashusha pumzi. Kabla hatujasema neno ukawaka tena, mdogo zaidi, juu zaidi, kulia zaidi. Ukazimika. Kijana mmoja mwenye macho makali akaapa kuwa ameuona ukiwaka mara ya tatu. Wengine hatukuwa na hakika.

Hapakuwa na sauti yoyote. Hilo ndilo lililotutisha. Moto mkubwa kiasi kile bila hata mlio wa kiberiti.

Wakati wengine wakipiga mayowe, babu alinishika bega. "Usiondoke hapo ulipokaa. Usisogeze hata kidole cha mguu." Akaagiza upondo. Akautembeza mbele yangu hatua kumi hivi, akaniuliza ulipochomoza mwanga ni wapi, kulia au kushoto, mpaka nikasema, "Hapo hapo, babu." Akauchimbia mchangani. Mahali nilipokuwa nimekaa akapigilia kigingi. Kisha akanifanya ninyooshe mkono na kuhesabu vidole kutoka ukingo wa maji hadi mahali mwanga ulipozimika mara ya kwanza. Vilikuwa vinne. "Na mwezi uko wapi?" Nikamwonyesha. "Haya," akasema. "Sasa piga kelele ukitaka."

Mjadala ulikuwa umeshapamba moto. Mmoja alisema ni kimondo. Babu akajibu, "Kimondo hushuka. Hiki kimepanda." Mwingine alisema ni fataki ya meli iliyo hatarini. Babu akasema fataki hupanda ikaning'inia, halafu ikashuka mahali pamoja; hii imesafiri. Mtu mmoja aliyekuwa amepigana vita vya Uganda alisema kwa sauti ya chini kuwa ni kombora, na wote tukanyamaza, kwani yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. Wengine walitaja mambo ya majini na ya watu, ambayo sina haja ya kuyarudia. Babu hakusema ni kitu gani. Aliulizwa mara tatu na mara zote alijibu, "Mie sijui. Nimekiweka." Mwezi ukazama, nahodha akasema twendeni, vyombo vikashuka. Asubuhi babu alinirudisha kwenye kigingi, akaniambia nitazame kupitia upondo. Mstari ulikwenda upande wa kisiwa cha Yambe.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 28, tuliandikishwa insha juu ya mambo tuliyoyafanya mwishoni mwa wiki. Niliandika yote: nyota saba, vidole vinne, upande wa Yambe, mwezi ulipokuwa. Mwalimu aliyesahihisha alichora alama kubwa ya wino mwekundu juu ya ukurasa mzima, akaandika kuwa insha ya kweli haitaki hadithi za kubuni. Darasa likacheka. Nilirudi nyumbani nimeazimia kuchana daftari lile.

Babu alilichukua mkononi mwangu. "Usibishane naye," aliniambia. "Na usichane. Alichokiona mtu ni amana. Amana haiuzwi, haitupwi, wala huiongezi ili ipendeze. Unaiweka vilevile ilivyo mpaka aje mwenyewe." Nikamuuliza mwenyewe ni nani. "Atakayejua ni nini." Daftari likaingia kwenye kasha lake, chini ya kanzu ya Idi. Babu alifariki mwaka 1995. Mwenyewe alikuwa hajaja.

Alikuja mwaka 2003, katika chumba kidogo cha intaneti mjini Tanga. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha fizikia, nikitafuta habari za kuwasomea wanafunzi juu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia. Mmoja wa walioshinda tuzo ya fizikia mwaka 2002 alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, kwa kufungua mlango wa kuitazama mbingu kwa eksirei. Hewa ya dunia huzuia eksirei zinazotoka angani, kwa hiyo chombo cha kuzitazama lazima kipelekwe juu ya hewa. Setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Nilisoma sentensi iliyofuata mara mbili. Ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini, karibu na Malindi. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, setelaiti ile ikaitwa Uhuru. Aliyeipa jina hilo ni Marjorie Townsend, mama aliyekuwa akisimamia mradi huo upande wa Marekani.

Neno la Kiswahili lilikuwa limezunguka dunia juu ya vichwa vyetu kwa miaka mingi, na mimi mwalimu wa fizikia wa Tanga sikuwa na habari. Nikaendelea kusoma. Mpango wa kurusha kutoka jukwaa lile ulikuwa wa Italia kwa ushirikiano na Marekani, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, na ulitumia roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Kati ya mwaka 1967 na 1988, Scout 9 zilipeleka setelaiti angani kutoka jukwaa lile la San Marco. Nikashuka mpaka mwisho wa orodha. Roketi ya mwisho kabisa iliruka tarehe 25 Machi 1988, saa 1:50 usiku kwa saa za Greenwich. Ukiongeza saa 3 za Afrika Mashariki, ni saa 4:50 usiku.

Sikuhitaji kwenda nyumbani kufungua kasha, lakini nilikwenda. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, wino mwekundu bado uko palepale. Na juu kabisa, kwa mwandiko wa mtoto, ilikuwapo tarehe. Ukurasa uliofutwa kwa kuwa uongo ndio pekee uliobaki kuwa ushahidi. Bila insha ile ningekuwa na kumbukumbu tu ya mwanga fulani, mwaka fulani, usiku mmoja wa utotoni, na kumbukumbu ya namna hiyo haina bandari ya kutia nanga.

Siku ya pili niliweka rula kwenye ramani ya ukutani. Kutoka Kigombe niliielekeza Yambe, kisha nikaendelea mbele. Mstari ulipita Mombasa, ukaigusa Malindi ubavuni, ukafika Ngomeni, kwenye ghuba ya Ungwana, mahali yaliposimama majukwaa. Ni karibu kilomita 290 kwa mstari ulionyooka. Mzee asiyeona vizuri, aliyekuwa na fimbo moja na macho ya mtoto, alikuwa amelenga sawasawa.

Tangu siku hiyo kila jambo tuliloliona usiku ule lilipata maelezo yake. Mwanga ulionekana kuzaliwa na bahari kwa sababu ya mviringo wa dunia. Hili wavuvi hulijua bila kitabu, kwani chombo kikitoka mbali huanza kuonekana ncha ya tanga, halafu tanga, mwili wake mwisho. Kwa umbali wetu, kilomita 6 na zaidi za mwanzo wa safari ya roketi zilikuwa zimefichwa chini ya upeo wa macho. Kuwaka na kuzimika ni kwa sababu Scout ilikuwa na hatua 4, kila moja na baruti yake kavu. Moja ikiisha hudondoka baharini, na inayofuata huwaka. Kijana aliyeapa kuwa aliuona moto wa tatu huenda alisema kweli. Ulilala kulia kwa sababu ulikuwa unakwenda mashariki. Dunia huzunguka kuelekea huko, na hapa karibu na ikweta mwendo huo ni kama kilomita 1,670 kwa saa, msukumo ambao roketi huupata bure. Na mashariki ya Ngomeni kuna bahari tupu ya kupokea vipande vinavyoanguka. Ama ukimya uliotutisha, sauti ingehitaji takriban dakika 14 kutufikia, na ingekwisha njiani zamani. Nuru ile ilitufikia kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Setelaiti iliyobebwa usiku ule iliitwa San Marco 5. Ilikwenda kuchunguza hewa ya tabaka za juu sana, na kabla mwaka haujaisha, mwezi wa Desemba, ikarudi na kuungua kwenye hewa ileile iliyokuwa ikiichunguza. Baada yake hakuna setelaiti nyingine iliyorushwa kutoka pale. Tulikuwa tumetazama safari ya mwisho bila kujua kuwa kulikuwa na ya kwanza.

Mwaka 2006 nilikwenda Ngomeni. Ukitoka Malindi unapita Gongoni na mashamba ya chumvi, jua linarudi kutoka kwenye maji meupe mpaka unafumba macho. Pwani nikayaona majukwaa kwa mbali, yamesimama kwa miguu ya chuma baharini kama korongo wanaovizia samaki. Profesa Broglio alikuwa ameshafariki, mwaka 2001, na kituo kimepewa jina lake. Kazi za mawasiliano na setelaiti zilikuwa zikiendelea upande wa nchi kavu. Jukwaani hapakuwa na roketi.

Nilikaribishwa barazani na mzee mmoja wa Kibajuni, mvuvi wa zamani. Nilimwamkia, tukaulizana ya Tanga na ya Ngomeni, nikamweleza kilichonileta. Alisimulia vizuri sana. Alisema ngurumo ilianza miguuni kabla ya masikioni. Vyombo vya jikoni vililia, kuku wakaruka, mbuzi wakakata kamba. Moshi ulitanda, na mwanga ulikuwa mkali hata akakiona kivuli chake mwenyewe usiku. "Nikainua kichwa hivi," alisema, akilaza shingo nyuma, "kikanipotea mawinguni. Basi."

Nikamuuliza kama alikiona kikizimika na kuwaka tena. Alinitazama. "Kilizimika?"

Nikamchorea mchangani: bahari, Yambe, tao la mwanga lenye pengo, nyota saba juu yake. Aliuangalia mchoro ule kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikisema mie nilikiona. Kumbe nilikisikia. Walioiona safari yake ni nyie."

Sikubaliani naye kabisa, na nilimwambia. Yeye alikuwa na kitu ambacho sitakuwa nacho kamwe: tetemeko la ardhi chini ya nyayo, harufu, uzito wa jambo. Sisi tulikuwa na umbo lake zima, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tulikuwa mbali kiasi cha kulienea kwa jicho. Pale barazani ndipo nilipoelewa kuwa nusu mbili za jambo moja zilikuwa zimekaa miaka 18 katika vijiji viwili, watu wa lugha moja na bahari moja, hazijawahi kukutana. Kila mmoja wetu alidhani ana lote.

Nilikuwa nimezoea kuiona Kigombe kama mahali pa nyuma, ambapo mambo ya dunia hufika yakiwa yamepoa. Nimeacha kufikiri hivyo. Setelaiti ya Uhuru yenyewe ilifanya nini ila kutazama kutoka mbali? Ilizunguka dunia ikihesabu vimulimuli vya eksirei mbinguni, na orodha yake ikafikia 339. Kimoja kati ya vile ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, kilicho mbali miaka ya nuru kama 7,000 kutoka hapa. Mmweko wake uliokuwa ukibadilika haraka ulisaidia kuwaongoza wataalamu mpaka wakakubali kuwa pale pana shimo jeusi, la kwanza kutambuliwa hivyo. Hakuna aliyekwenda. Hakuna atakayekwenda. Walichokuwa nacho ni upande, wakati na ukali wa mwanga, vilivyoandikwa kwa uaminifu. Ndivyo vitu babu alivyonidai usiku ule kwa upondo, mwezi na vidole vinne.

Wavuvi wa kwetu wameliishi jambo hili kwa namna nyingine. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, majarife yaliyotegwa kwenye maji marefu ya pwani ya Tanga, Kigombe ikiwamo, yalianza kuleta samaki mzito wa magamba magumu na mapezi yenye minofu kama viungo vya mnyama. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa sababu kuna wavuvi waliosema wamepata kitu wasichokijua, na kuna watu waliosikiliza, leo pwani yetu ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Nikipita pale huwaza ingekuwaje kama mvuvi wa kwanza angechorewa alama nyekundu.

Simlaumu yule mwalimu wangu wa zamani. Hakuwa na orodha ya roketi mezani, wala mimi sikuwa nayo mpaka nilipofika miaka 25. Kosa lake lilikuwa moja, nami mwenyewe nimelifanya darasani zaidi ya mara moja: alipokosa maelezo ya jambo, aliona afadhali kulikana jambo lenyewe. Na wavuvi wetu walikuwa na kosa la upande wa pili. Walipokosa maelezo waliyaokota ya karibu, kimondo, fataki, kombora, na kila mmoja akaanza kukumbuka mwanga uliofanana na maelezo yake. Baada ya mwezi mmoja aliyesema kimondo alikuwa akisimulia kitu kilichoshuka. Nilikuwapo. Hakikushuka. Kusema "sijui" bila kulitupa jambo na bila kulipamba ni kazi ya nguvu kuliko kukisia, na kwa muda mrefu sikumjua mtu mwingine aliyeifanya kwa utulivu kama babu.

Miaka michache iliyopita, msichana wa kidato cha pili aliingia darasani akisema ameona nyota zimepangana kama shanga kwenye uzi, zikitembea pamoja. Wenzake wakaangua kicheko. Nilihisi kitu cha zamani kikinipanda kifuani. Nilijua ni nini alichokiona. Tangu Mei 2019 setelaiti za Starlink zilianza kurushwa kwa makundi, 60 kwa mara moja, na siku za mwanzo huenda kwa mstari kabla hazijatawanyika. Ningeweza kumwambia papo hapo. Badala yake niliwanyamazisha wale wengine, nikamwambia asimame dirishani atuonyeshe zilitokea wapi na zilipotelea wapi. Nikamfundisha kuhesabu vidole. Nikamwambia aandike, nami nitamletea ninachokijua kesho yake, alinganishe mwenyewe.

Asubuhi alileta daftari. Alikuwa ameandika tarehe, saa, upande, vidole sita, na kwamba hakusikia mlio wowote. Chini yake alikuwa ameacha mistari minne mitupu. Nilimuuliza ya nini.

"Ya jibu, mwalimu," akasema. "Likija."

Nilitoa kalamu nimwandikie, kisha nikamrudishia daftari, na kalamu pia.